Sauti ni ya Nani? Mwimbaji wa Kike na Maneno ya Wengine katika Muziki wa Roki

Katika mojawapo ya mazungumzo yake mafupi, Ion, Plato anamsimamisha Socrates mbele ya mghani aliyepata sifa kubwa kwa kughani tungo za Homer. Swali analoulizwa mghani huyo ni jepesi kwa sura lakini ni zito kwa uzani: anaposimama mbele ya halaiki ya watu akawaliza na kuwatia hofu kwa maneno ambayo hakuyatunga, ni nani hasa anayesema? Socrates anajibu kwa mfano wa sumaku. Sumaku huivuta pete ya chuma, pete ile nayo ikapata nguvu ya kuvuta pete ya pili, na ya pili ikaivuta ya tatu. Hivyo ndivyo nguvu ya sanaa itokavyo kwa miungu, ikampitia mshairi, ikampitia mghani, hata ikamfika msikilizaji aliye mwisho wa mnyororo. Mghani, basi, si msemaji. Ni pete ya katikati. Mwishoni Ion anatakiwa achague: ama aitwe mdanganyifu anayejidai kuwa na ujuzi asio nao, ama aitwe mtu aliyepandwa na nguvu za kiungu. Anachagua la pili kwa kuwa lina heshima zaidi, na mazungumzo yanakwisha hapo.

Kwa kawaida mazungumzo haya husomwa kama shambulio la falsafa dhidi ya ushairi. Yanaweza pia kusomwa kama hati ya mashtaka iliyofutwa kwa wanaume na kubaki wazi kwa wanawake. Tangu miaka ya 1960, bendi za wanawake zilipoanza kusikika katika muziki wa roki wa Marekani na Uingereza, zimekuwa zikikabiliwa na maswali mawili ambayo ni Ion mtupu: je, wanapiga ala wenyewe, na ni nani aliyewatungia? Maswali haya huulizwa kwa sauti ya udadisi tu, kana kwamba muulizaji anataka kujua aina ya nyuzi zilizofungwa kwenye gitaa. Lakini ndani yake mna dai la kifalsafa kuhusu umilikaji wa usemi: kwamba sauti ni mali ya yule aliyetunga maneno, na kwamba anayeimba maneno ya mwingine hajasema kitu. Dai hili linafaa kupimwa kwa makini, kwa sababu si la uongo mtupu, wala si la kweli kwa namna linavyotumiwa.

Bendi ya Fanny yafaa kuwa mfano wa kwanza. Ndugu wawili, June na Jean Millington, walizaliwa Manila, Ufilipino, na mwaka wa 1961 familia yao ikahamia Sacramento, California. Wakiwa na Alice de Buhr kwenye dramu na Nickey Barclay kwenye kinanda, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka wa 1970 chini ya kampuni ya Reprise, na mwaka uliofuata wimbo wao "Charity Ball" ukafika nafasi ya 40 katika orodha ya Billboard. June alipiga gitaa, Jean akapiga besi, na nyimbo zao nyingi walizitunga wenyewe. Kwa vigezo vyote viwili vilivyotajwa, hawa walikuwa wamefuzu. Hata hivyo mwaka wa 1999 David Bowie alilalamika katika jarida la Rolling Stone kwamba bendi hii, aliyoihesabu miongoni mwa zilizokuwa bora kabisa katika wakati wake, ilikuwa imesahauliwa kana kwamba haikuwahi kuwapo. Ilibidi mwanamume mashuhuri awatolee ushahidi, na ushahidi wenyewe ukaja zaidi ya miaka 20 baada ya kikundi kusambaratika. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Ikiwa mlango ulisemekana kuwa na kufuli mbili, na watu wakaja na funguo zote mbili, na bado mlango haukufunguka, basi kufuli zile hazikuwa ndizo zilizoufunga.

Waliokuja kuufungua kwa kishindo ni The Go-Go's wa Los Angeles. Albamu yao Beauty and the Beat ya mwaka wa 1981 ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za Marekani kwa majuma sita mwaka wa 1982. Tangu hapo hutajwa kwa sentensi isiyobadilika: bendi ya kwanza ya wanawake watupu, waliojitungia nyimbo na kujipigia ala, kufika kileleni. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini tazama jinsi ilivyojengwa. Vishazi "waliojitungia" na "waliojipigia" vimo ndani ya sifa kama vithibitisho vya uhalali, mithili ya muhuri kwenye cheti. Ni nadra kukuta bendi ya wanaume ikisifiwa hivyo.

Elvis Presley hakuwa mtunzi. Wimbo "Hound Dog," uliovuma kwa jina lake mwaka wa 1956, ulikuwa umeandikwa na vijana wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller, kwa ajili ya mwanamke Mweusi, Willie Mae Thornton, aliyeurekodi mwaka wa 1952. Kinywani mwa Thornton ulikuwa ni karipio la mwanamke kwa mwanamume asiye na faida. Kinywani mwa Elvis karipio hilo limepoteza mwenyewe na kubaki mdundo. Hata hivyo dunia iliuandika wimbo huo kwa Elvis pasi na kumhoji. Mfano wa karibu zaidi uko Mombasa. Juma Bhalo aliimba tungo nyingi za binamu yake, malenga Ahmad Nassir, na wasikilizaji wa taarab walijua hivyo waziwazi. Hakuna aliyedai kwamba Bhalo hakuwa na sauti. Ilieleweka kwamba malenga ana lake na mwimbaji ana lake: mmoja huyapanga maneno katika vina na mizani, mwingine huyapa pumzi, uchungu na mahali pa kusita. Utamaduni wa ushairi wa Kiswahili, ambamo utungo tangu zamani umetembea kutoka kinywa hadi kinywa, haukuwahi kuhitaji nadharia ya Roland Barthes ya mwaka wa 1967 juu ya kifo cha mwandishi ili utambue kwamba maneno yana zaidi ya mwenyewe mmoja.

Siti binti Saad naye yumo katika habari hii. Alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri, alikuwa mbele ya kikundi cha wapigaji wanaume. Kwa lugha ya leo ya muziki wa roki, hiyo ilikuwa bendi iliyoongozwa na mwanamke. Alikuwa mtu wa tabaka la chini katika Unguja ya masultani, na nyimbo zake zilibeba habari za mahakama, za wanawake walioonewa, na za wakubwa waliojiona hawaguswi. Wanaotaka kujua kila mshororo ulitoka kichwani mwa nani wanauliza swali halali la kihistoria. Wanaodhani kwamba jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia iwapo Siti alisema, wamekosea mlango.

Hadi hapa hoja inaelekea kuwa rahisi mno. Ikiwa mwimbaji anaweza kusema kwa maneno ya mwingine, na ikiwa kigezo cha utunzi kimekuwa kikitumiwa kwa taasubi ya kiume, basi kilichobaki ni kukitupilia mbali na kuzisherehekea sauti zote. Wapo wahakiki waliofanya hivyo. Tatizo ni kwamba iko bendi moja ambayo habari zake hazikubali kusherehekewa kwa wepesi huo, nayo ni The Runaways.

The Runaways iliundwa Los Angeles mwaka wa 1975. Joan Jett, mpigaji gitaa, na Sandy West, mpigaji dramu, walikutanishwa na Kim Fowley, mtayarishaji wa muziki aliyekuwa mtu mzima wa miaka 36. Wakaongezwa Lita Ford, Cherie Currie na Jackie Fuchs, aliyejulikana jukwaani kama Jackie Fox. Wote walikuwa wasichana wa rika la shule ya sekondari. Masimulizi ya namna Currie alivyoingia yamerudiwa mara nyingi. Alikuja kufanyiwa majaribio akiwa na umri wa miaka 15, akiwa amejiandaa kwa wimbo wa Peggy Lee ambao haukuifaa bendi. Basi Fowley na Jett wakaketi wakatunga wimbo mwingine papo hapo, "Cherry Bomb," jina linalotaja fataki ya watoto huku likichezea jina la msichana mwenyewe. Katika wimbo huo nafsineni ni msichana anayejitangaza kwa wazazi na kwa wavulana kuwa ni kitu kinacholipuka. Currie akauimba na akapata kazi. Albamu ya kwanza ikatoka mwaka wa 1976, na mwaka uliofuata bendi ikapokewa Japani kwa vifijo ambavyo haikuvipata nyumbani.

Mhakiki anapousikiliza wimbo huu afanye nini na nafsineni hiyo? "Mimi" anayesema ni nani? Maneno ni ya mwanamume wa makamo na msichana wa miaka 17. Koo ni la msichana wa miaka 15. Na bidhaa, yaani taswira ya msichana wa mitaani mwenye hatari na ashiki, iliuzwa na mwanamume huyo kwa wanunuzi ambao wengi wao, kwa dhana ya watangazaji, walikuwa wanaume. Kila pete ya mnyororo wa Socrates iko mahali pake, ila kwenye nafasi ya mungu pameketi meneja. Masimulizi ya wanabendi wenyewe yanaeleza mazoezi ambamo walitukanwa na kutupiwa takataka ili wazoee uadui wa hadhira. Huo ulikuwa ufundishaji wa aina yake, na huenda ulifaa kazi. Wapo waliousifu baadaye. Lakini mtu akifundishwa ukaidi kwa amri, ukaidi wake unabaki wa nani?

Pamoja na hayo yote, wimbo unaposikika kuna kitu kinachomshinda meneja. Kuna mahali ambapo sauti ya Currie, iliyokuwa bado changa na isiyokomaa vizuri, inayasukuma maneno hadi yanapoteza ule mnato wa biashara na kuwa kelele tu, kelele ya mtu anayekasirika kwa kweli. Wasichana walioisikia kelele hiyo, katika vyumba ambamo Fowley hakuwa na ufunguo, waliielewa kwa namna ambayo haikuwamo katika mpango wake. Kusema kwamba walidanganyika ni kurudia kosa la Socrates la kumdhania msikilizaji kuwa pete ya mwisho isiyo na akili.

Labda basi jibu litafutwe kwenye yale yaliyofuata. Bendi iliachana na Fowley mwaka wa 1977 na ikavunjika mwaka wa 1979. Joan Jett alizunguka na kanda zake na kukataliwa na kampuni zaidi ya 20 za santuri. Mwaka wa 1980, yeye na mtayarishaji Kenny Laguna wakaanzisha kampuni yao, Blackheart. Wimbo uliomfikisha kileleni mwaka wa 1982, na kukaa huko majuma saba, ni "I Love Rock 'n Roll." Wimbo huo hakuutunga. Ulikuwa wa Alan Merrill na Jake Hooker wa kikundi cha Arrows, waliourekodi mwaka wa 1975. Jett aliusikia akiwa Uingereza katika ziara ya The Runaways mwaka wa 1976. Katika utungo wa kwanza mwanamume anamtazama msichana na kumtamani. Jett anabadilisha jinsia na kuacha karibu kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Matokeo yake ni kwamba anayetazamwa amekuwa mtazamaji. Kigezo cha utunzi kinasema huu si wimbo wake, ilhali "Cherry Bomb," aliotunga nusu yake, ni wake zaidi. Sikio lolote la haki linasema kinyume.

Tofauti kati ya mwaka wa 1976 na mwaka wa 1982, basi, haiko katika nani alishika kalamu. Iko katika nani aliyeweza kukataa. Mwaka wa 1982 Jett angeweza kuuacha wimbo huo na kuchukua mwingine, na hakuna ambaye angemfunga njia. Aliuchagua. Mwaka wa 1975 msichana aliyekuja kwenye majaribio alipewa karatasi yenye maneno na akajua kwamba asipoyaimba, mlango ni ule. Hii ndiyo hoja inayoelekea kuwa na mashiko zaidi kuliko ile ya utunzi: kwamba usemi ni wa mtu kwa kadiri ya uwezo wake wa kuunyima. Neno ambalo msemaji hawezi kulimeza, hata likiwa amelitunga mwenyewe, halijawa lake bado.

Hoja hiyo nayo ina pingamizi zito. Ni wangapi duniani walio na uwezo wa kukataa? Ikiwa kipimo ni hicho, wanyonge wote wananyang'anywa sauti kwa mara ya pili. Kwanza na hali zao, kisha na mwanafalsafa. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wamelijua tatizo hili kupitia utendi wa Mwana Kupona binti Msham wa mwaka wa 1858. Mama mgonjwa anamwusia binti yake namna ya kuishi na Mungu, na watu, na mume. Wapo wahakiki waliosema kwamba hapo hasemi mwanamke, unasema mfumo wa ubabedume uliokaa kinywani mwake. Wengine wakajibu kwamba chini ya nasaha hizo kuna hekima ya mwanamke aliyejua namna ya kuishi penye nafasi finyu, na labda kuna kejeli pia. Mjadala huo haujamalizika, na ni vema usimalizike upesi. Lakini jambo moja hukubaliwa na pande zote mbili bila ya kutajwa: kwamba Mwana Kupona alijua anasema na nani. Alikuwa na msikilizaji mmoja, bintiye, na alimwita karibu kabla ya kuanza. Mwenye kuchagua msikilizaji ana aina ya mamlaka ambayo hata mwenye kunyimwa mengine yote anaweza kubaki nayo.

Wasichana wa The Runaways hawakuchaguliwa msikilizaji waliyemtaka. Poly Styrene alijitahidi kumchagua wake.

Huyu alizaliwa Uingereza mwaka wa 1957, jina lake Marianne Joan Elliott-Said, mama yake Mwingereza na baba yake Msomali. Mwaka wa 1976 aliunda bendi ya X-Ray Spex jijini London, akazungukwa na wapigaji wanaume pamoja na msichana mmoja wa saksafoni, Lora Logic, ambaye hakudumu. Jina lake la jukwaani alilitafuta katika kitabu cha simu za biashara, akitaka kitu cha plastiki, kitu kinachotupwa. Wimbo wao wa kwanza, "Oh Bondage Up Yours!", ulitoka mwaka wa 1977, na albamu yao Germfree Adolescents ikafuata mwaka wa 1978. Wimbo huo unaanza kwa sauti ya upole wa bandia, ya msichana mwenye adabu anayeikariri methali ya Kiingereza inayowataka watoto waonekane tu wasisikike, kisha upole huo unapasuka ukawa ukelele.

Wengi wameusifu ukelele. Jambo lenye uzito zaidi kifalsafa ni ule upole unaoutangulia. Poly Styrene haanzi kwa sauti yake. Anaanza kwa kuiazima sauti ya wale waliomfundisha kunyamaza, akaivaa mbele ya watu ili waione kuwa ni vazi. Anakiri kwamba lugha aliyopewa si yake, na anaigeuza hali hiyo kuwa mada. Ni mbinu inayojulikana na kila mhakiki wa kejeli, lakini hapa inafanya kazi ambayo nadharia ya utunzi haiwezi kuieleza: maneno ambayo si yake yanakuwa yake kwa sababu ameonyesha kwamba si yake. Vivyo hivyo kwa jina la plastiki. Fowley aliuza wasichana kama bidhaa. Styrene alijiita bidhaa kabla mtu mwingine hajawahi, na bei akaiandika yeye. Vyuma vya kunyooshea meno alivyovivaa jukwaani, mavazi yake yasiyolingana, na ngozi yake iliyoulizwa maswali mitaani, vyote vilikuwa sehemu ya usemi huo. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1978 alisimama Victoria Park, London, mbele ya maelfu ya watu katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi. Gharama yake haikuwa ndogo. Afya yake iliyumba, bendi ikavunjika mwaka wa 1979. Alifariki mwaka wa 2011, na miaka kumi baadaye binti yake, Celeste Bell, akashirikiana na Paul Sng kutengeneza filamu juu yake. Kwa hiyo naye, kama Mwana Kupona, hatimaye alisikilizwa na binti.

Jambo hili la msikilizaji ndilo lililoachwa nyuma na mjadala wote wa uhalisi. Gayatri Spivak, katika insha yake ya mwaka wa 1988 iliyojadiliwa mno katika idara za fasihi, anasimulia kisa cha Bhubaneswari Bhaduri, msichana wa Calcutta aliyejiua mwaka wa 1926. Alingoja siku zake za hedhi ili pasiwe na atakayesema kwamba alijiua kwa sababu ya mimba ya haramu. Mwili wake ulikuwa maandishi. Hata hivyo jamaa zake waliendelea kusema ni mambo ya mapenzi. Hitimisho kali la Spivak, kwamba mnyonge hawezi kusema, mara nyingi hueleweka kana kwamba mnyonge ni bubu. Kisa chenyewe kinaonyesha mengine: msichana alisema kwa uangalifu wa kutisha, na hapakuwa na sikio. Kasoro ilikuwa upande wa pili wa mazungumzo.

Wanawake wa Bikini Kill, bendi iliyoanzishwa Olympia, jimbo la Washington, mwaka wa 1990, waliutambua upande huo wa pili kwa njia ya vitendo. Kathleen Hanna alikuwa akiwataka wanawake waje mbele ya ukumbi na wanaume warudi nyuma. Wapo waliolalamika kwamba huo nao ni ubaguzi. Lakini alichokuwa anafanya ni kupanga upya usikilizaji. Alijua kwamba wimbo ule ule, ukiimbiwa safu ya kwanza ya wanaume wanaosukumana, si wimbo ule ule tena. (Mpigaji gitaa wao, Billy Karren, alikuwa mwanamume, jambo ambalo wapenda usafi wa makundi hulisahau.) Wimbo wao maarufu zaidi, "Rebel Girl," ulipotolewa kama santuri ndogo mwaka wa 1993, mtayarishaji wake alikuwa Joan Jett.

Swali la kimaadili linalomkabili msikilizaji wa The Runaways lilidhihirika mwaka wa 2015. Jackie Fuchs, aliyekuwa ameacha bendi mwaka wa 1977 na baadaye kusomea sheria Harvard na kuwa wakili, alieleza hadharani kwamba Kim Fowley alimbaka usiku wa kuamkia mwaka wa 1976, akiwa na umri wa miaka 16, akiwa hana uwezo wa kujitetea, na watu wengine wakiwamo chumbani. Fowley alikuwa amefariki mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 2015, kwa hiyo tuhuma hizo hazikupata kupimwa mahakamani. Wenziwe katika bendi walitoa kauli zisizolingana. Jett alisema kwamba lau angejua mwenzake anadhulumiwa asingesimama kando. Fuchs mwenyewe hakutaka lawama iwaangukie walioshuhudia. Wengi wao, alisema, walikuwa watoto kama yeye, na alitilia mkazo namna kundi la watu linavyoweza kuganda kila mmoja akimngoja mwingine.

Wako wanaosema kwamba baada ya kuyajua hayo, santuri zile zisipigwe tena. Rai hiyo ina heshima yake, lakini ina kasoro isiyoweza kufichwa: zinazonyamazishwa hapo ni sauti za wasichana watano, akiwamo Fuchs mwenyewe ambaye besi yake imo kwenye santuri. Wako wanaosema sanaa ni sanaa na maisha ni maisha, na wakaongeza sauti. Hao ni wepesi mno. Wanamfanya mtunzi kuwa kila kitu pale inapohusu sifa, kisha wanamfanya kuwa si kitu pale inapohusu dhambi, na haiwezekani kuwa na yote mawili. Iliyobaki ni njia ngumu: kusikiliza kwa kujua, yaani kuusikia ukaidi wa wimbo pamoja na chumba ambamo uliandaliwa, bila ya kukiruhusu kimoja kikifute kingine. Usikilizaji wa namna hii hauna raha ya kawaida. Hauna pia zawadi ya kujiona mwema, kwa kuwa asikilizaye hivyo anajua kwamba yeye ni mmoja wa wale walionunua.

Yafaa kukumbukwa jambo moja lililotokea kabla ya mwaka huo wa 2015. Mwaka wa 2010 ilitoka filamu iliyoitwa kwa jina la bendi, ikiongozwa na Floria Sigismondi na kutegemea kumbukumbu alizoandika Currie. Jett alikuwa miongoni mwa watayarishaji wakuu. Ilikuwa ni hadithi ya wasichana ikisimuliwa hatimaye na wanawake, na ilisifiwa kwa hilo. Lakini Fuchs alikataa kutoa haki ya maisha yake kutumiwa. Watengenezaji wakalazimika kumbuni mpigaji besi asiyekuwapo, wakampa jina la Robin, na katika filamu nzima msichana huyo anasimama pembeni ya jukwaa akiwa na gitaa lake, karibu bila ya kusema neno. Watazamaji wengi wa wakati huo walidhani ni kasoro ya uandishi wa mchezo.